Jina la Chini ya Karatasi

Ngeleka hakubisha hodi. Aliingia kwangu Jumanne saa nne asubuhi, akasimama katikati ya sebule na kofia kichwani, akanisogezea karatasi mpaka karibu na pua. Nyuma yake alikuja Geneviève, shemeji yake. Huyo tumejuana tangu baba zetu wote wawili walipoletwa Kindu kutoka Kasai kufanya kazi ya reli. Siku ile hakuniamkia. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akatazama miguu yake.

"Soma," Ngeleka akasema. "Kwa sauti, Mama Ndaya."

"Miye siyo mwanafunzi wako. Kaa kwanza, unywe maji."

"Maji sitaki. Soma!"

Nikatafuta miwani, nikaivaa, huku namlaani kimoyomoyo. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, yenye matundu pembeni, zile karatasi za printa za zamani. Ilikuwa ruhusa ya safari ya wakati wa vita. Ilisema mama Fidélie anatoka Kindu kwenda Obokote kupitia Lubutu, kumtazama mgonjwa. Tarehe 17 mwezi wa tatu 1999. Muhuri ulikuwepo, sahihi ya mkuu wa ofisi yetu ilikuwepo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogondogo: Imeandikwa na Kanyinda Florentin.

Nikasoma tena. Nikavua miwani, nikaifuta kwa kitenge, nikasoma mara ya tatu. Jina halikubadilika.

Kanyinda Florentin alikuwa mdogo wake Ngeleka, tumbo moja. Alikuwa mume wa Geneviève. Na alikuwa mwenzangu wa kazi, mimi na yeye tukiandika kwenye mashine moja. Askari walimchukua mbele ya macho yangu tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 1998, wakampakia kwenye lori pamoja na wengine sita, na katika wale saba hakurudi hata mmoja. Sasa mtu huyo aandike karatasi miezi minne baadaye? Kwa mkono upi?

"Hii haiwezekani," nikasema.

"Haiwezekani nini? Muhuri njo ule. Ofisi njo yenu. Mwezi wa tatu mudogo wangu alikuwa muzima, anaandika karatasi. Na mule ofisini mulikuwa wawili tu, yeye na weye, na weye ulikuwa muke bila mume. Sasa uniambie, Mama Ndaya: alikuwa analala wapi?"

Ala! Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia, maana ninaimba kwaya. Nilimwambia atoke. Hakutoka. Jirani alichungulia dirishani, nikamwambia naye aende zake.

Lakini msielewe vibaya, Ngeleka hakutoka Kananga kuja kunitukana. Alikuja kwa ajili ya matanga. Miaka ishirini na sita Geneviève hajamlilia mumewe, kwa sababu hakukuwa na maiti, na ukoo ulikuwa unasema tungoje, tungoje, labda atatokea. Mwaka huu ndio wakakubali. Siku ikapangwa, Jumamosi. Turubai tulikuwa tumekwisha kuziomba parokiani. Halafu Jumapili baada ya misa yule mama Fidélie, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, akasikia jina la Kanyinda likitangazwa. Akaja na karatasi yake aliyoihifadhi miaka yote. Akampa Ngeleka kwa mikono miwili, akasema, "Huyu baba njo aliniandikia. Aliniokoa. Nimeleta ili mumushukuru pamoja na miye." Alifanya kwa wema, maskini. Hakujua ameleta moto.

"Kwetu haulilii muntu muzima," Ngeleka akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kumulilia muzima ni kumuloga. Miye siwezi kufungua hayo matanga. Hakuna moshi bila moto, Mama Ndaya."

Ndipo Geneviève akanyanyua uso. Niliogopa kumtazama.

"Ndaya, niambie tu," akasema. "Kama alikuwa kwako, sema. Sitakasirika tena, nimechoka. Mujane siko, muke siko. Niko nini? Nataka nijue kabla sijakufa."

Ningekuwa na jibu ningempa. Jambo la kunichanganya ni hili: Fidélie nilimkumbuka. Alikuwa na mimba kubwa, alilia mbele ya meza yangu mpaka nikampa leso yangu, na hakuirudisha. Karatasi yake niliiandika mimi, kwa vidole hivi. Nikawaambia hivyo.

"Kama njo weye uliandika," Ngeleka akauliza, "mbona jina si lako?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, kaka yangu, Yaya Ngeleka! Ukitaka nikudanganye, sema nikudanganye."

Wakaondoka. Nilikaa pale sielewi mbele wala nyuma. Nilianza hata kujiuliza kama kweli Kanyinda alirudi, akaandika mara moja, akaondoka, na mimi nimesahau. Mtu akikushtaki kwa nguvu sana unaanza kujitafutia kosa. Halafu nikatazama televisheni yangu, na kilichokuwa chini yake.

Chini yake kulikuwa na mashine yenyewe. Ofisi ilipoporwa mwishoni mwa vita, wezi walichukua meza, viti, mapazia, hata bawaba za milango. Ile kompyuta waliiacha, nadhani waliona ni televisheni iliyoharibika. Mimi nikaibeba nyumbani kwa baiskeli, pamoja na kibao chake cha herufi, nikaifunika kitambaa, ikawa meza. Ni nzito, na imara. Sikuwahi kuiwasha tena.

Wakati ule ilikuwa na skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, hakuna picha wala kipanya. Ilikuja kutoka Lubumbashi ikiwa tayari imechoka. Kitufe cha A kilikuwa kimekufa, na kuandika bila A hata jina lako mwenyewe huliwezi. Lakini Kanyinda alikuwa na disketi yenye programu moja ndogo, aliyopewa na fundi wa huko. Ukiwasha mashine programu hiyo inaingia kwanza, inakaa nyuma kimya, inasikiliza vidole. Wewe unabonyeza, yenyewe inaamua ulitaka nini. Akaiambia: kile kitufe cha pembeni chenye namba mbili ndogo, ambacho hakuna mtu anakitumia, kiwe A. Kikawa A. Mimi nilikuwa na vidole vizito, nikigusa m moja zinatoka nne. Akaiambia mashine ivumilie, isirudie herufi upesi. Ikavumilia. Nilimwuliza kama inaweza kumfanyia hivyo mkuu wetu wa ofisi, akacheka mpaka akakohoa.

Mji ulipoanguka, mwezi wa kumi 1998, waasi wakaweka sheria kwamba hakuna kutoka Kindu bila ruhusa iliyoandikwa. Kila asubuhi mkuu anapewa orodha ya watu waliokubaliwa, sisi tunaandika. Na chini ya kila karatasi lazima jina la aliyeandika, ili wakitaka wa kumkamata wamjue. Kanyinda akatia maneno ya mwisho kwenye vitufe vya juu. F7 ilikuwa yake, F8 yangu. Ukimaliza kuandika unabonyeza mara moja tu. Mashine yenyewe inaweka tarehe, cheo cha mkuu, "imeandikwa na" fulani, inatuma kwenye printa, inafuta skrini, na mtu wa pili anaingia. Asubuhi alikuwa anaandika yeye, mchana mimi. Printa ilikuwa chumba cha pili, karibu na muhuri. Nikiandika mimi, yeye ndiye anayekaa kule, anachana karatasi na kuzipeleka kwa mkuu. Baada ya yeye kuchukuliwa, kazi hiyo ilipewa askari mmoja ambaye kusoma hakujua. Kwa hiyo karatasi zangu, mkia wake, mimi sikuuona. Sikuuona hata siku moja.

Na sasa niseme jambo ambalo sikumwambia Ngeleka Jumanne ile. Nilikuwa naongeza watu. Orodha ikiwa na watu thelathini, mimi naandika thelathini na wawili, na mkuu anatia sahihi bila kuhesabu. Mama mwenye watoto, msichana ambaye askari fulani amemtolea macho. Sikufanya kwa ushujaa. Walikuwa wananililia tu, na mimi kilio cha mtu kinanishinda. Niliamini hakuna anayejua, hata Kanyinda.

Siku ile ya tarehe 12, Alhamisi, kapiteni mmoja aliingia na karatasi iliyokamatwa kwenye barriere, kizuizi cha askari, barabara ya Lubutu. Mtu wake hakuwa kwenye orodha. Nikajua ndio mwisho wangu. Lakini kapiteni akasoma kwa chini: "Kanyinda Florentin ni nani?" Kanyinda akatokea chumba cha pili, na vipande vya karatasi bado mkononi, akasema, "Njo miye." Wakamtoa. Hakunitazama.

Mimi nikafikiri: kumbe naye alikuwa anaongeza watu wake! Naye amekamatwa kwa ya kwake, mimi nimepona kwa bahati. Nilishukuru Mungu, kweli. Halafu, kadiri miaka ilivyokwenda, nikawa namkasirikia. Nilisema mpumbavu yule angekuwa mwangalifu, karibu aniponze na mimi. Nilisema kwa mdomo wangu huu, mara moja mbele ya Geneviève mwenyewe: aliyataka. Geneviève alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Aliendelea kuchambua.

Basi Jumanne ile ile mchana nikatoa televisheni, nikaita motard na pikipiki yake, tukaifunga mashine nyuma kwa mpira, mimi nikashika kibao cha herufi kifuani, tukaenda mtaa wa Kasuku kwa Sikuli Wilfried. Huyo ni Mnande wa Butembo. Anatengeneza simu na ana paneli za jua juu ya bati. Alipoiona akapiga makofi.

"Mama Ndaya, hii umeitoa kwenye kaburi gani?"

"Usiniulize. Iko na mambo yangu ndani, uyatoe."

"Mambo gani?"

"F8."

Akanitazama kama mgonjwa. Nikamweleza kuhusu ile programu. Nilitaka jambo moja tu: niwaonyeshe Ngeleka na Geneviève jinsi jina lilivyoweza kutoka bila mwenyewe kuwepo. Nilikuwa nimeshajipa jibu. Nilisema labda siku ya Fidélie kidole kiliteleza, nikabonyeza F7 badala ya F8, basi. Kuteleza si dhambi.

Wilfried alihangaika siku mbili. Jumatano nilipopita, mashine ilikuwa imewaka lakini inasema leo ni tarehe moja mwezi wa kwanza 1980, na kwamba haina diski. "Betri yake ya ndani imekufa," akanieleza, "kwa hiyo haijui saa, na haijui ina nini tumboni. Lazima niikumbushe kimoja kimoja." Nikamwambia kama ni hivyo mimi na mashine hiyo tunafanana, kwa kuwa nami wiki hii sijui niko mwaka gani. Hakucheka, alikuwa amebana bisibisi kwa meno.

Alhamisi mchana akanipigia: imefunguka. Nikawaita wote wawili. Ngeleka alikuja kwa shingo upande, akasimama mlangoni pa duka na mikono nyuma. Geneviève nilimpa kiti karibu na skrini. Maandishi ya kijani yalikuwa yanatetemeka. Diski ilikuwa inalia kwa ndani, na Wilfried alituonya kwamba inaweza kufa wakati wowote, tufanye haraka.

Nikaketi. Nilitaka kuandika jina langu kwanza, kujaribu. Mkono wenyewe ukaenda pembeni, kwenye ile mbili ndogo, na A ikatokea. Baada ya miaka yote ile! Sijui chozi lilitoka wapi, nikalipangusa upesi kabla Ngeleka hajaliona.

"Tazameni," nikasema. "F7 njo yake." Nikabonyeza. Wilfried alikuwa ameifunga njia ya printa, kwa hiyo maneno yalibaki kwenye skrini: Imetolewa Kindu, tarehe, mkuu wa ofisi. Imeandikwa na Kanyinda Florentin.

Geneviève akaweka mkono mdomoni.

"Mumeona? Yeye hayupo hapa, na jina limetoka. Na F8 njo yangu."

"Basi siku ile mtu alibonyeza F7," Ngeleka akasema. "Na F7 ni ya mudogo wangu. Unanionyesha nini?"

"Nangojea uone yangu kwanza, Yaya. Halafu nitakueleza."

Nikabonyeza F8. Imetolewa Kindu, tarehe, mkuu wa ofisi. Imeandikwa na Kanyinda Florentin.

Nikafikiri nimekosea kitufe. Nikainama, nikakitazama, F8, hii hapa. Nikabonyeza tena. Kanyinda Florentin. Nikabonyeza kwa nguvu, mara tatu, nne, na skrini ikajaa Kanyinda Florentin mpaka chini, na Wilfried akanishika mkono akasema, "Taratibu, Mama, utaivunja."

"Umeiharibu weye!" nikamwambia. "Siku mbili ulikuwa unachokora!"

"Sijagusa kitu huko, naapa."

"Mbona jina langu haliko? Lilikuwepo! Alinionyesha mwenyewe siku ya kwanza, nilisoma kwenye skrini, Ndaya, njo hapa hapa!"

Ngeleka alikuwa amekaribia sasa. Hakuna aliyeelewa, na mimi kuliko wote. Kama F8 ni Kanyinda, basi karatasi zangu zote ni Kanyinda. Za mwezi wa tatu, za mwezi wa nne. Na za kabla? Tangu lini?

Wilfried ndiye aliyesema kwamba programu za namna ile zilikuwa na daftari lake, faili ambamo mwenyewe anaandika kila kitufe kifanye nini, na pembeni anaweza kujiwekea maelezo, mashine haiyasomi. Akatafuta. Faili ilikuwepo. Ilikuwa imebadilishwa mara ya mwisho tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1998.

"Jumanne," Geneviève akasema papo hapo. "Walimuchukua Alhamisi. Hiyo ni Jumanne."

Wilfried akaifungua, akaanza kusoma, kwa maana macho yangu hayakuwa yanaona. Kanyinda alikuwa mtu wa utaratibu. Kwenye mbili ndogo ameandika: iwe A, kwa kuwa A imekufa. Kwenye mwendo wa herufi: polepole, kwa ajili ya vidole vya Ndaya. Kwenye F7: jina langu. Wilfried akafika F8, akanigeukia.

"Soma," nikasema.

"Imeandikwa hivi, Mama. 'Ya Ndaya. Kuanzia leo jina langu. Asijue, atakataa.'"

Nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi, mtu anauza mikate anaita. Diski ikalia, ikanyamaza, skrini ikawa nyeusi, na Wilfried hakujaribu hata kuiwasha tena.

Ngeleka alikuwa wa kwanza kusema. Aliuliza polepole, jinsi mtu anavyouliza njia katika mji wa wageni.

"Karatasi ya Fidélie uliandika weye."

"Miye. Nikabonyeza nane."

"Na ile kapiteni aliyokuja nayo?"

Hapo nikawaeleza yote. Orodha, thelathini na wawili, wale mama. Kwamba Kanyinda ndiye aliyekuwa anachana karatasi zangu, kwa hiyo alihesabu, alijua, na hakusema kitu. Kwamba bila shaka alisikia kwa mkuu kuwa wameanza kukagua majina. Jumanne akaingia kwenye mashine akalitoa jina langu, akatia lake. Siku mbili baadaye ndilo lililosomwa. "Ilikuwa yangu," nikasema. "Mtu waliyemtafuta ni miye."

Ngeleka akavua kofia. "Basi alikufa," akasema. "Alikufa siku ile ile." Akaenda akasimama nje, mgongo kwetu, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Geneviève hakulia. Aliendelea kutazama ile skrini nyeusi.

"Jumanne alijua," akasema. "Akarudi nyumbani, akala. Jumatano alijua, akamunyoa mutoto nywele. Alhamisi akavaa shati la bluu akaniambia nisisahau kuanika mihogo. Siku mbili, Ndaya. Na miye hakuniambia. Alikuwa na watoto wane."

"Sikujua, Geneviève. Naapa mbele ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Amesema mwenyewe usijue." Akanigeukia. "Amesema ungekataa. Ungekataa?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ndiyo, ningekataa, mimi sina watoto, ningesema waniachie jina langu. Lilikuwa jibu zuri, liko tayari kwenye ulimi. Lakini nikakumbuka jinsi nilivyosimama ile Alhamisi, jinsi pumzi ilivyonirudia kapiteni aliposoma jina la mwingine, na ile furaha, jamani, ile furaha ya aibu iliyonijaa mpaka kwenye vidole.

"Sijui," nikamwambia. "Nimekaa miaka yote hii nikimwita mpumbavu. Sijui kama ningekataa."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Jumamosi," akasema, "kabla ya kulia, mutu anasimama anaeleza kifo. Utasimama weye."

Ngeleka akageuka kutoka nje. "Hapana, shemeji. Kusema kifo ni kazi ya ukoo. Ni kazi yangu."

"Weye hukuwepo, Yaya. Yeye alikuwepo." Halafu akanielekea tena. "Na usiseme vita ilimuua. Kila mutu hapa Kindu vita ilimuulia mutu wake. Sema alikufa kwa karatasi gani, na ya nani."

Usiku wa Ijumaa sikulala, na asubuhi nilifikiri kujifanya mgonjwa. Ningeweza. Homa hapa haimkosi mtu, na nani angeniuliza? Nilivaa kitenge cheusi, nikakivua, nikakivaa. Saa tatu nilikuwa chini ya turubai.

Watu walikuwa wengi. Watu wa reli wazee, watu wa parokia, Fidélie na wajukuu zake mstari wa mbele, Wilfried na shati safi. Watoto wanne wa Kanyinda, wote watu wazima, wamekaa pande mbili za mama yao. Ngeleka akasimama akasalimia, akasema ukoo umeridhika kwamba mtoto wao amekufa, na kwamba atakayeeleza si mtu wa ukoo. Watu wakanong'ona. Akaketi.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanikimbia yote. Nikasema, "Naitwa Ndaya. Kanyinda Florentin alichukuliwa kwa sababu ya ruhusa iliyoandikwa na mimi kwa mtu ambaye hakuwa kwenye orodha. Aliweka jina lake mahali pa langu ili wakija wamchukue yeye. Hakuniambia. Aliandika kwamba ningekataa." Nilimwona binti yake mkubwa ananitazama bila kupepesa. "Sina hakika kama ningekataa. Walipomchukua, mimi nilifurahi kwamba sikuwa mimi. Na kwa miaka mingi nilisema aliyataka mwenyewe. Ndivyo alivyokufa. Sina kingine."

Kuna mtu nyuma alianza kupiga makofi, akaacha. Nilibaki nimesimama, mikono yangu sijui niiweke wapi, namtazama Geneviève, maana wa kuanza ni yeye. Mjane asipolia wa kwanza hakuna anayeruhusiwa.

Aliinuka polepole, mkono kwenye bega la mwanawe. Alifungua kilemba, akakiachia chini. Kisha akamwita mumewe kwa jina lake lote, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu utoto wetu, na turubai nzima ikaanza kulia.